Pipa Nililompelekea Mdogo Wangu

Ng'ombe wa kwanza alipoanguka, mdogo wangu hakumkimbilia ng'ombe. Alimkimbilia binti yangu. Mtoto alikuwa amesimama karibu na pipa, ana kikombe cha plastiki mkononi, amechota maji mwenyewe na bado hajayapeleka mdomoni. Shangazi yake alikipiga kile kikombe kikarukia kwenye majani, akamshika mtoto mkono, akamvuta, akamweka nyuma ya sketi yake. Halafu akaniangalia. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikanyoosha mkono nimchukue mwanangu, naye akarudi nyuma pamoja na mtoto.

"Baki hapo hapo, kaka."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningesema ni woga tu. Alisema polepole, kama unavyomwambia mbwa usiyemjua. Nyuma yake ng'ombe alikuwa anapiga miguu kwenye saruji, na wa pili alikuwa ameanza kutetemeka.

Mambo mengi ya siku ile nimeshayaelewa. Moja sijalielewa hadi leo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: mdogo wangu alikuwa anamkinga mwanangu na yale maji, au alikuwa anamkinga na mimi?

Mimi si mtu wa kuandika. Nimezaliwa Didia, Shinyanga vijijini, nyumba ya wafugaji. Shule niliishia darasa la nne nikaenda kuchunga, na kutoka kuchunga nikaenda Geita kuchimba dhahabu. Nasoma Kiswahili polepole na kukiandika polepole zaidi. Haya unayoyasoma yamenichukua misimu miwili ya kulima. Mke wangu akipita ananichungulia begani, anasema, "Neno hilo umeshaliandika juu." Namwambia aliache, liko juu na chini kwa sababu hata kichwani mwangu liko hivyo.

Kwetu Usukumani dada akiolewa, ng'ombe wanaokuja kwa ajili yake ndio wanaomwoza kaka yake. Mdogo wangu alipoposwa na watu wa Ushirombo, ng'ombe wake walilala kwenye zizi letu msimu mmoja. Msimu uliofuata baba aliwaswaga kwenda kwa wakwe zangu, nami nikapata mke. Kwa hiyo mke wangu alikuja kwangu kwa miguu ya ng'ombe wa mdogo wangu. Marehemu baba alinikumbusha jambo hilo kila nilipojifanya mkubwa mbele ya mdogo wangu. Alikuwa akisema, "Wewe una nyumba kwa sababu huyu aliondoka nyumbani."

Sasa niseme la duara, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Tulikuwa watatu chini, miaka mingi kabla ya hili la pipa. Bomba la kuvutia maji lilikuwa linavuja, mimi nikaenda kwenye tundu la pembeni kulifunga kwa kamba ya mpira. Nikiwa huko mwamba ulishuka. Wenzangu wawili walikuwa upande ulioshuka. Upande wangu kulikuwa na ufa uliopokea hewa kutoka duara la jirani, na hewa ile ndiyo iliyoniweka hai mpaka nikafukuliwa siku ya tatu. Ni hivyo tu. Sikuwa na akili kuliko wao wala sikuwa na dawa. Bomba lilivuja.

Lakini machimboni mtu hatoki peke yake bure. Huko watu wanaamini dhahabu inataka kafara, kwamba anayetaka kuipata humtoa mtu wake, au mnyama wake, na ardhi ndipo inafungua mkono. Kwa hiyo mimi nilipotoka na wenzangu wakabaki, maneno yalitoka pamoja nami. Walisema nimewauza. Hata mwenye duara, ambaye alikataa kununua magogo ya kutegemeza mwamba ingawa tulimwomba na tukamwomba tena, alikaa msibani akitikisa kichwa, akasema, "Mambo ya huyu bwana mimi siyawezi." Yeye ndiye wa kwanza ninayemtaja kwa kosa. Maneno yale yalimfaa sana. Watu wakiongea habari za uchawi hawaulizi habari za magogo.

Mtu mmoja tu hakuyapokea. Mdogo wangu alipanda gari kutoka Ushirombo akiwa na mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa mapajani. Alinikuta nimelazwa, watu wamekaa mbali na kitanda changu, akakaa juu ya kitanda chenyewe. Akanimiminia. "Kunywa," akasema. "Kaka yangu hauzi watu. Hata kuku alikuwa hawezi kuuza, anawaonea huruma." Nikacheka, na kucheka kukaniuma mbavu.

Niliacha kuchimba. Nikabaki huko huko Geita nalima, nabeba mizigo, nafanya kazi za mikono. Na yeye, akiwa huko kwa mumewe, alianza ufugaji wa kisasa. Walianza na mtamba mmoja chotara, akazaa, yule aliyezaliwa akazaa, mpaka wakafika ng'ombe sita wa kukamuliwa kwenye banda la saruji. Maziwa yake yalinywewa na walimu, watu wa misheni na wenye migahawa. Akawa mtu wa kuitwa kwenye mikutano akawafundishe wenzake. Alikuwa ananipigia simu kila mara. "Njoo na mama mwone. Mama anadhani naongopa."

Siku moja akaniambia, "Shida yangu sasa ni chombo cha maji tu. Nikipata pa kuhifadhia, ng'ombe watakunywa wakitaka, siyo mpaka mume wangu arudi na mkokoteni." Hakuniomba. Aliongea tu kama mtu anavyosema kidole kinamwuma. Lakini mimi nililishika. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapomrudishia heshima ya wale ng'ombe.

Nilikwenda kwanza dukani kwa Mhindi mmoja mzee anayeuza vyombo vya plastiki. Matangi yake mapya sikuyaweza. Nikamwambia basi nitatafuta pipa lililotumika. Alivua miwani. "Ndugu yangu, pipa lililotumika hujui lilikula nini. Subiri, uza mpunga, rudi."

"Nikisubiri, ziara yetu kwa mdogo wangu itapita, mzee."

"Ziara itarudi."

Nilimwona kama mfanyabiashara anayetetea bidhaa yake. Namwomba radhi hapa, kwa sababu alipofariki sikuwa nimemwomba.

Barabarani, nje ya mji, kuna yadi ya wachenjuaji, wale wanaochukua mchanga uliokwisha kupita kwa wachimbaji wakautia madawa ili dhahabu iliyobaki itoke. Kwenye uzio wake mapipa ya chuma yalikuwa yamepangwa, ya bluu, yana vifuniko. Kina mama walikuwa wakinunua. Ukipita kwenye nyumba za huko utayaona mlangoni, yana maji ya kunywa, ya kufulia, mengine yana pombe. Nikachagua moja lisilo na kutu. Ubavuni palikuwa na karatasi iliyokwanguliwa kwa msasa. Palibaki herufi za kizungu ambazo hata zingekuwa nzima nisingezijua, na kona ya picha iliyokuwa na rangi ya chungwa.

Nikamwuliza msimamizi, kijana mwenye kofia ya kijani, "Hili lilikuwa na nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi ya ngozi, mzee wangu. Ile ya kuhifadhia ngozi za ng'ombe. Suuza, weka maji, kunywa."

Nikalifungua. Chini, kwenye mshono wa kitako, palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshika kama ugali ulioungua. Na sasa naandika jambo ambalo polisi hawakuniuliza wala bwana mifugo hakuniuliza. Nililisuuza lile pipa kwa maji mara mbili na sabuni ya unga. Ule ukoko haukutoka wote. Ningeweza kuchukua jiwe nikaukwangua. Sikuukwangua. Nilifikiri hivi: ni chumvi. Mimi ni mtoto wa wafugaji, najua ng'ombe anapenda chumvi. Baba yangu alikuwa anatembea siku nzima kufuata magadi ya kuwalambisha. Nikasema, maji yenye chumvi kidogo yatawapa hamu, watakunywa sana, watatoa maziwa mengi. Niliuacha kwa makusudi, kwa upendo, nikafunga kifuniko.

Hapo ndipo na mimi ninapojitaja. Sitaki mtu aje aseme nilijificha.

Tulikwenda mimi, mke wangu, binti yetu wa mwisho, na mama ambaye tulimpitia Didia. Mama alibeba michembe, mfuko mzima, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba Ushirombo hakuna anayejua kukausha viazi. Pipa lilifungwa juu ya gari. Kila tulipopita tuta liligonga, na kila lilipogonga binti yangu alisema, "Zawadi ya shangazi inabisha hodi."

Tulifika mchana. Mdogo wangu alitoka bandani na buti za mpira, kitambaa kichwani, ananukia maziwa. Alimpigia mama magoti pale pale kwenye tope. Akaliona pipa. Akaliwekea mkono, akalizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani, halafu akaninong'oneza, "Wabeja, kaka." Ahsante, kwa Kisukuma. Alikuwa haongei Kisukuma na mimi isipokuwa jambo limemwingia. Mumewe alilishusha yeye mwenyewe, akaliweka juu ya matofali kando ya birika la kunyweshea, akaanza kuleta maji.

Saa zile zilizofuata ndizo za mwisho nilizokuwa ndugu kamili katika nyumba ile, kwa hiyo nimezishika zote.

Mama alisimama mlangoni mwa banda, akakataa kuingia kwanza. Ng'ombe walikuwa wamesimama kila mmoja na chumba chake, weupe kwa weusi, matumbo kama magunia ya pamba.

"Hawa hawaendi malishoni?" akauliza.

"Hawaendi, mama. Majani yanawafuata. Wakitembea, maziwa yanapungua."

"Kwa hiyo wamelazwa. Kama wodini."

"Ndiyo. Na mimi ndiye nesi."

"Na pembe mmezipeleka wapi?"

"Tunazichoma wakiwa wadogo, wasiumizane."

Mama akamgeukia mama mkwe wa mdogo wangu, mwanamke mrefu, Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni, aliyekuwa ametuletea vigoda. "Mwenzangu, wewe umekubali mwanao aniolee binti yangu kwa ng'ombe wenye pembe, halafu yeye anafuga wasio na pembe?"

"Wakati ule tulikuwa tunawatafuta wenye kelele," mama mkwe akajibu. "Sasa tumezeeka, tunataka wa kimya wanaojaza ndoo."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono. Nawakumbuka hivyo, wameshikana.

Mdogo wangu akamwonyesha binti yangu jinsi ya kumnywesha ndama maziwa kwenye ndoo. Unamtumbukizia kidole mdomoni, akinyonya unakishusha taratibu ndani ya maziwa mpaka ajue kunywa mwenyewe. Mtoto akapiga ukelele wa furaha. "Baba, ulimi wake una mchanga." Shangazi yake akamwambia, "Huyu hana jina bado. Fikiria jina zuri, utakaporudi likizo utanipa." Akamwosha kiwele ng'ombe mkubwa kwa maji ya moto na kitambaa, akakamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi aangalie kama maziwa yana mabonge, akampaka mafuta kwenye chuchu. Alifanya hayo yote akiongea nasi bila kutazama mikono yake. Mama alikuwa ameshaingia ndani wakati huo. Alikuwa anamkuna ng'ombe mgongoni na kumsemesha. Nilimsikia akisema, "Wodini kwenu ni pazuri."

Ndoo ya kwanza ikajaa. Mdogo wangu akasema, "Leo wakishakamuliwa wanywe maji ya mjomba wao." Mumewe akachota kutoka kwenye pipa, akajaza birika la upande wa kwanza, la ng'ombe watatu. Walikunywa kwa kiu. Mimi nilisimama nikiwatazama wanavyovuta maji kwa nguvu, nikasema moyoni, ile chumvi imewakubali.

Yaliyofuata hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Nimeshayasema mwanzoni na sitayarudia yote. Wa kwanza alikuwa yule mkubwa aliyetoka kukamuliwa. Alihema kama aliyekimbizwa, mate yakamtoka, magoti yakajikunja. Akafuata wa pili. Wa tatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Shemeji alipiga teke birika la upande wa pili kabla hajalijaza, ndiyo maana watatu walibaki. Mdogo wangu alikuwa ameshamweka mwanangu nyuma ya sketi yake.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki kabla jua halijatua. Alimchanja mmoja shingoni, damu ikatoka nyekundu mno, nyekundu ya juisi ya rozela. Akainuka taratibu. "Walikunywa wapi?" Tukamwonyesha. Akamulika tochi ndani ya pipa, akanusa kwa mbali, akaturudisha sote nyuma. Akachota maji kwenye chupa ya soda, akaifunga kwa nailoni mara tatu, akasema itakwenda maabara. Halafu akasema neno lililonimaliza, ingawa lilikuwa la haki: "Nyama hii haigusi mtu. Wala mbwa. Mchimbe shimo refu, leo leo. Na maziwa ya jioni mmwage."

Majirani walikuwa wameshafika na visu na mabeseni. Kwetu ng'ombe akifa anagawanywa, msiba wa ng'ombe unaishia kwenye sufuria na mtu anafarijika kidogo. Walisimama na mabeseni yao matupu wakiangalia ng'ombe watatu wanene wakisukumwa shimoni pamoja na ngozi zao. Nikasikia mzee mmoja akisema nyuma yangu, bila kunong'ona, "Kisicholiwa ni kafara."

Likasambaa kutoka pale. Nani ameleta pipa? Kaka mtu. Anatoka wapi? Geita, machimboni. Si ndiye aliyetoka peke yake kwenye duara? Ndiye. Basi zamani alitoa wenzake, sasa ametoa ng'ombe wa dada yake, na alitaka kumtoa na mtoto wake mwenyewe ila shangazi mtu amemwahi. Kila kitu kikakaa mahali pake. Mimi mwenyewe nikiisikia habari ile kama ya mtu mwingine ningeiamini.

Mama mkwe hakunifokea. Alikuja tulipokuwa tumekaa uani, rozari mkononi. "Baba, mimi ni mtu wa kanisa, mambo hayo siyasemi," akasema. "Lakini ulisuuza pipa?"

"Nilisuuza, mama."

"Likatakata?"

Nikanyamaza. Ningemweleza ule ukoko, na chumvi, na magadi ya baba yangu. Nilinyamaza kwa sababu mdogo wangu alikuwa anasikiliza. Yeye akaona nimenyamaza. Kunyamaza kwangu kule kumenigharimu kuliko pipa.

Shemeji ndiye aliyetuambia, akiangalia chini, kwamba ni vizuri tuondoke asubuhi na mimi nisirudi mpaka ijulikane. Watu wake, pamoja na kwaya na jumuiya na yote, walikwenda kwa mganga wiki ile ile. Huyo naye namtaja, anajijua, ana bango barabarani. Aliwaambia mtu wa damu ya mkwe wao aliyewahi kulala ndani ya ardhi ndiye mwenye kujua. Hakuhitaji mizimu kujua hilo. Alihitaji kusikiliza habari gulioni.

Kwenye gari mama alikaa na mfuko wake wa michembe ambao haukufunguliwa. Karibu na Kahama ndipo alipoongea. "Ng'ombe wake walikupa mke." Basi.

Nilirudi yadi. Msimamizi alikuwa na kofia ile ile.

"Pipa gani? Sisi hatuuzi mapipa."

Nyuma yake mwanamke alikuwa ameinamisha pipa la bluu analinusa. Nikamwambia, "Mama, usilichukue, limeua ng'ombe watatu." Aliniangalia, akamwangalia msimamizi. Msimamizi akacheka. "Huyo mzee alimaliza wenzake kwenye duara, leo anatisha wanawake. Chukua, mama, hayo ni ya chumvi." Akalichukua. Alijitwika kichwani akaondoka nalo, ana mtoto mgongoni. Nilimfuata mpaka njia panda nikimsihi, akaanza kukimbia. Mwanamke yule nimemwota kuliko wenzangu wa duarani.

Mwenye yadi nilimwona mara moja tu, ndani ya gari lake, kioo kimepandishwa. Nikagonga. Akashusha kidogo, upana wa vidole viwili, akasikiliza kwa adabu, akasema, "Pole sana, mzee. Nenda ofisi ya wilaya, wao ndio wanaohusika." Ni mtu mzuri kwa watu wengi, huyu. Ametoa viti kwenye nyumba ya ibada, ametoa mabati shuleni.

Ofisini nikaambiwa majibu ya maabara bado. Niliporudi nikaambiwa chupa haionekani kwenye orodha. Niliporudi tena nikaambiwa niandike barua. Nikaandika, wakasema barua haina kichwa cha habari. Afisa alinirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nepi. Nilimwuliza, "Yale mapipa yanayouzwa barabarani, unayaona ukija kazini?" Akasema, "Tunalifanyia kazi." Nyumbani kwake, nilikuja kuambiwa, wana tangi jipya la plastiki.

Bwana mifugo peke yake hajanificha. Nilimpigia, akasema, "Ninavyofikiri mimi, ni sumu ya kuchenjulia, sayanaidi. Inafanana na chumvi. Lakini kufikiri kwangu si cheti." Nikamwomba akamwambie mdogo wangu. Akasema alishamwambia. "Akasemaje?" Akashusha sauti. "Alisema, kaka yangu alikuwa mchimbaji, angeijua." Nilifanya kazi ya kuchimba, sikuwahi kufanya kazi ya kuchenjua. Sisi duarani tulijua zebaki, hiyo nyingine ilikuwa ya watu wenye uzio. Lakini nani Ushirombo anajua tofauti hiyo?

Msimu wa jana mama alikwenda kumtembelea. Mimi nilibaki Didia namngojea, pamoja na mke wangu na mtoto. Alirudi na chupa ya maziwa, imefungwa kwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Nikakumbuka kibuyu kile cha hospitali. Nikauliza, "Ni ya nani?"

Mama akalegeza fundo polepole. "Amesema ya mtoto."

Nikamwita binti yangu akanywa. Alipomaliza akaniuliza kama yule ndama ameshapewa jina, kwa sababu yeye alikuwa ameshalipata. Nikamwambia sijui. Chupa niliisuuza mimi mwenyewe. Niliisuuza mpaka mke wangu akaja kuninyang'anya.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili na nimeona kwamba siwezi kujitetea. Nikisema sikujua, wanasema mchawi naye husema hivyo. Nikiapa kanisani, wanasema amezoea. Ule ukoko nimeukiri hapa, na nitaukiri mbele ya mdogo wangu siku nitakayoruhusiwa kukanyaga pale. Hata hivyo kukiri kwangu hakuna uzito mpaka aliyeuza pipa aseme. Ng'ombe sitaki anirudishie. Ng'ombe nitawatafuta mimi, ni deni la damu yangu, nitalilipa hata nikifa linalipwa na wanangu.

Wewe mwenye yadi, hili ndilo ninalotaka kwako. Shuka kwenye gari lako. Mchukue na msimamizi wako mwenye kofia ya kijani, yeye ndiye aliyeshika msasa, lakini msasa ulimpa wewe. Njoo Ushirombo mchana, watu wakiwepo. Pipa bado lipo, wamelifunika kwa miiba ili mtoto asiliguse. Simama kando ya lile birika, mbele ya mdogo wangu, mumewe, mama mkwe wake na mama yangu. Watu hawa hawataki hotuba wala viti wala mabati. Wakuulize neno moja nililomwuliza mtu wako, akanijibu chumvi, na safari hii wewe ujibu kweli, kwa sauti, huku mdogo wangu anakutazama kama alivyonitazama mimi.

Lile pipa lilikuwa na nini?